Jumamosi Zetu Kwenye Korongo

Nyumba yetu ya Bagira, mtaa wa mjini Bukavu, ilikuwa ya mwisho kabla ya korongo. Tulipohamia humo, mimi na mume wangu, korongo lenyewe lilikuwa mfereji tu ambao hata mtoto angeweza kuuruka. Komini, yaani serikali ya mtaa, ilikuwa na wafanyakazi waliokuja na majembe kabla ya mvua, wakazibua mifereji yote ya juu, na maji yalishuka kwa adabu mpaka bondeni. Vilipokuja vita vya kwanza, wafanyakazi wale waliacha kuja. Vilipokuja vita vya pili, hakuna aliyekumbuka tena kwamba mifereji ilikuwa na mwenyewe.

Basi kila msimu wa mvua ulichukua kipande chake. Kwanza ulichukua choo chetu. Mwaka uliofuata ulichukua migomba, mmoja mmoja, ukianza na ule uliokuwa na mkungu. Halafu, mchana mmoja wa mvua kubwa, ulichukua jiko la jirani yangu wa upande wa chini pamoja na sufuria ya maharage iliyokuwa motoni. Tulisikia kishindo kizito, na tulipotoka nje tukamkuta amesimama kwenye mvua, mwiko mkononi, akiangalia mahali jiko lilipokuwa.

Jirani huyo alikuwa muuguzi, mkunga. Alizaliwa upande wa Katana, akafanya kazi miaka mingi huko kwenye hospitali ya misheni, na alifika Bukavu wakati wa vita vya kwanza akiwa na watoto wake na begi moja, akaendelea kuzalisha wanawake wa mtaa wetu. Mume wake alipotea njiani, na hakuwahi kupata kaburi la kwenda kupalilia. Hakupenda kulizungumzia hilo. Alipenda kuzungumzia kazi, bei ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, na uvivu wa watu. Alikuwa na sauti ambayo ulimtambua nayo kabla hajafika kwenye kona.

Siku iliyofuata alikuja kwangu asubuhi. Nilikuwa nikifanya kazi ya sekretari kwenye ofisi ya parokia, na nilikuwa nikijiandaa kutoka.

"Maman," akaniambia, "weye uko mutu ya biro. Unajuaka kuongea na bakubwa. Tutafanya nini na hii ravini?"

Nikamjibu kwamba labda tungeenda kuonana na wakuu wa komini.

Akacheka mpaka akashika mlango. "Komini? Iko wapi komini? Bale bako kule banaogopa kama sisi. Hapana, maman. Nauliza sisi tutafanya nini."

Aliyejibu ni mume wangu, ambaye alikuwa akinywa chai yake nyuma yangu. Alikuwa mwalimu wa kilimo kwenye shule ya sekondari nje ya mji, na kwa miezi mingi alikuwa akilitazama korongo lile kila asubuhi kwa hasira ya kimyakimya, kama mtu anayemtazama mwizi anayemjua. Akatoka nje, akaokota kijiti, akachora kilima kwenye udongo uliolowa. Akaeleza kwamba maji yakishafika kwetu yameshapata nguvu, hakuna ukuta utakaoyazuia. Ni lazima yapunguzwe mwendo kule juu: mitaro ya kukingama, mawe, matete yapandwe kwa mistari, halafu mianzi kwenye kingo na miti ya grevilea kwenye mteremko.

"Bon," akasema muuguzi. "Lakini kule juu si kwetu."

Hapo ndipo palikuwa na tatizo. Kwenye ukingo wa juu walikaa familia za zamani za Bagira, watu waliopata nyumba zao tangu enzi za wakoloni, na mkubwa wao alikuwa mzee mmoja mstaafu wa posta aliyevaa koti hata kwenye joto. Ng'ambo ya korongo, kwenye mabanda yaliyokuwa zamani bohari ya matofali, walikaa wakimbizi wa vita kutoka Mwenga na Shabunda. Ukingo mmoja haukusalimiana na mwingine. Watu wa juu walisema wale wa mabandani wana ndugu msituni wenye silaha, na siku moja watatuletea balaa. Watu wa mabandani walisema wenye mji wamekula na waasi na kuwasahau wao. Kati yao lilikuwepo korongo, na kila mwaka liliwatenganisha zaidi.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na kukaa kikao bila ruhusa kulikuwa ni kujitafutia kifungo. Hata kwenye matanga watu walikuwa wakiangalia nani amesimama karibu na dirisha. Ungewakusanyaje watu wa kingo mbili?

Muuguzi ndiye aliyelipata jibu. Tangu zamani tulikuwa na salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi, ambayo kila serikali iliyopita iliipenda, na waasi nao waliipenda. Maduka yalifungwa, watu wakafagia mbele ya nyumba zao, askari wakapita kuangalia nani hajatoka. "Salongo ni yabo benyewe," alisema. "Nani atatukataza kutumika kazi?"

Jumamosi ya kwanza tulikuwa watu wa kuhesabika: sisi, muuguzi na watoto wake, na wanawake kadhaa wa kanisani niliowaomba. Mzee wa posta alitoka na ufagio, akafagia mbele ya mlango wake, akarudi ndani. Tulichimba mtaro wa kwanza kwenye kiwanja chetu wenyewe. Mikono yangu, iliyozoea mashine ya kuchapa, ilitoka malengelenge kabla ya saa nne. Ng'ambo, wanaume wa mabandani walikaa wakitutazama.

Muuguzi akajinyoosha, akaweka mikono kiunoni, akawapigia kelele kupitia korongo: "Nyiye batu ya kule! Nilizalisha batoto benu, nilibakata vitovu na mikono hii, na munaniangalia tu namna nachimba?"

Kisha mwanamume mmoja akainuka. Alikuwa mwembamba, mwenye kovu kwenye nyusi, mtu wa Luhwindja, huko Mwenga, aliyekuwa akichimba dhahabu kabla ya kufukuzwa na vita. Akashuka korongoni na mtarimbo begani, akapanda kwetu, na mke wake akamfuata na mtoto mgongoni. Hakusalimia. Akauliza tu, "Wapi?" Mume wangu akamwonyesha. Kufika saa sita walikuwa wameshuka wengine, na mtaro ulikuwa umevuka mpaka wa kiwanja chetu.

Wiki zilizofuata tulizoea. Sitaki kusema kwamba tulipendana. Tulizoea tu. Ukifanya kazi na mtu, unajua anavyopumua, anavyoshika jembe, kama ni mtu wa kukuachia jiwe zito au wa kulibeba mwenyewe. Tukaanza kusimuliana mambo kwa vipande vipande, tumeinama, bila kutazamana usoni: nani amepata habari za ndugu zake, barabara gani haipitiki, jinsi ya kuwazuia vijana wasiingie kwenye jeshi lolote. Askari waliopita waliona watu wanachimba, wakaenda zao. Mzee wa posta naye, baada ya kuona mtaro umefika kwenye kona ya uzio wake, alitoka siku moja na koti lake, akavua koti, akalikunja vizuri juu ya jiwe, akashika koleo.

Kisha miche ikaanza kupotea. Tulikuwa tumepanda grevilea na kuzishikiza kwa fito, na mianzi michanga kwenye kingo. Jumamosi moja tukakuta fito zimeng'olewa, mianzi imekatwa, na mistari miwili mizima imebaki visiki vidogo. Mzee wa posta alikuwa amekwisha kufika kabla yetu.

"Nilisema!" alipaza sauti. "Nilisema hawa watu si wa kupanda kitu nabo! Tunapanda, banakata!"

Wanaume wa mabandani wakajibu kwa maneno makali. Mmoja akasema watu wa mji ni wezi kuliko panya. Mume wangu alijaribu kuingia katikati, hakuna aliyemsikia. Niliona mtu akiinua jembe, si kwa kuchimba.

Hapo mke wa mchimba dhahabu akasogea mbele. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, nilikuwa sijamsikia akisema sentensi nzima tangu tujuane.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi nilikata."

Watu wakamgeukia. Hata mume wake alimgeukia kwa mshangao.

"Maharage ilikuwa. Kuni hakukuwa. Kule pori hatuendi tena, banawake banakamatwa kule, munajua. Batoto balilia mpaka bakachoka. Mungefanya nini, nyiye?"

Muuguzi akaketi chini, palepale kwenye matope. Nilimwona akiketi nami nikaketi. Mmoja mmoja, watu wakaketi kwenye mawe na kwenye kingo za mtaro. Nadhani kile ndicho kilikuwa kikao chetu cha kwanza cha kweli, na hakuna aliyekiitisha. Hatukuzungumza kuhusu miche. Tulizungumza kuhusu kuni. Nani anapikia nini. Makaa yanatoka wapi, na yanakatwa kwenye msitu gani. Mwanamke mmoja wa ukingo wa juu, ambaye hakuwa amewahi kumtazama mtu wa mabandani, aliuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli wanawake wanakamatwa porini, na alipojibiwa alijifunika uso kwa kitambaa.

Mwishowe mtoto mkubwa wa mzee wa posta, ambaye alikuwa fundi seremala, akakohoa. Karakana yake ilikuwa juu kabisa ya korongo, na unga wa mbao aliutupa humo, kila jioni, magunia kwa magunia. Wote tulijua, hakuna aliyekuwa akisema kitu.

"Ile bunga ya mbao," akasema, "inawakaka. Ukiishindilia ndani ya bati, na tundu katikati, inawaka saa mingi."

Baba yake akamtazama. Kisha akasema, kama mtu anayetoa amri ofisini, "Basi bakuje kuitosha, baibebe kwabo. Kila jioni."

Hivyo ndivyo wanawake wa mabandani walivyoanza kupanda na magunia mpaka kwa seremala, na makopo ya zamani ya maziwa ya unga yakageuka majiko. Moshi ulikuwa mwingi na ugali ulinukia mbao, lakini uliiva. Na korongo likapata nafuu ya taka ambayo hatukuwa tumeipangia. Yule mke wa mchimba dhahabu alipanda upya miche yote aliyoikata. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alifanya siku isiyo ya salongo, peke yake, na mimi nilimwona kutoka dirishani nikashindwa kutoka kumsaidia kwa sababu nilihisi hakutaka mtu.

Kiangazi cha mwaka uliofuata, shida ilitoka juu zaidi. Askari walikuwa na kambi ndogo kwenye kilele cha kilima, na siku moja walishuka na mapanga, wakaanza kukata grevilea ambazo sasa zilikuwa zimetupita kimo. Walitaka miti ya kujengea vibanda. Mume wangu aliona akitoka shuleni. Akapanda kwenda kuzungumza nao, begi la vitabu mkononi. Nilimwona akifika, nikamwona akionyesha bondeni kwa mkono kama anavyofanya darasani, kisha nikamwona akisukumwa na kuchukuliwa.

Nilikimbilia kwa muuguzi. Nilikuwa nalia, sikumbuki nilisema nini. Yeye alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Hakuinuka haraka. Alimaliza konzi aliyokuwa nayo, akachukua ungo, akaliweka gunia la maharage kichwani.

"Tuende," akasema. "Beba kazi yako."

"Kazi gani?"

"Yoyote. Ufumaji. Kitu ya kufanya na mikono. Tutakaa."

Akapita mlango kwa mlango. Wanawake wa ukingo wa juu wakatoka na sindano zao, wale wa mabandani wakatoka na mikeka yao ambayo haijaisha. Mke wa mchimba dhahabu alikuja na mtoto mgongoni na matete ya kusuka kapu. Tukapanda mpaka kwenye kambi, tukaketi mbele ya kizuizi, kandokando ya njia, na tukaanza kufanya kazi zetu. Askari aliyekuwa zamu alitufukuza. Muuguzi akamwuliza kama mama yake yuko mzima. Kijana yule akaenda kumwita mkubwa wake.

Kamanda alitoka akiwa amevaa ndara na shati la kijeshi lisilofungwa vifungo. Alikuwa mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Akatuangalia, sisi na maharage yetu.

"Ni nani amebatuma?" akauliza.

"Ni mvua, afande," akasema muuguzi.

Nilifikiri atapigwa. Kamanda aliinua macho akatazama angani.

"Mvua iko wapi? Ni kiangazi."

"Ndiyo maana tumekuja mapema. Ikikuja, itapita hapa kwenu kwanza. Itabeba hivi vibanda, halafu itabeba sisi. Yule mwalimu alikuwa anabaambia hiyo tu."

"Yule mwalimu anafanyaka bikao."

"Anafanyaka mitaro, afande. Ukuje Jumamosi, uone."

Akaingia ndani. Tukabaki. Jua lilikuwa kali, mtoto wa mke wa mchimba dhahabu akalia, akanyonya, akalala. Sikuweza kufuma, uzi ulikuwa ukinitoka vidoleni, basi nilisaidia kuchambua maharage, nikayatupa mazuri na kubakiza mabovu, mpaka muuguzi akaninyang'anya ungo. Kivuli kilipofika upande wetu wa njia, kizuizi kiliinuliwa na mume wangu akatoka. Miwani yake ilikuwa imepasuka kioo kimoja, na hakuwa na begi. Tulirudi naye nyumbani. Hapo aliomba maji, akanywa, akasema, "Wamesema tuendelee na salongo. Ila hakuna kuzungumza."

Basi Jumamosi iliyofuata tulifanya kazi bila neno. Ilikuwa asubuhi ya ajabu. Ulisikia majembe na pumzi za watu, na mbali, magari madogo yakipakia watu wa mjini. Kamanda alikuwa ametuma askari wawili kuhakikisha. Walisimama ukingoni na bunduki zao, wakachoka. Baada ya muda muuguzi akamwendea mmoja, akamwekea jembe mbele yake, bila kusema, kwa sababu kusema kulikatazwa. Yule kijana akamtazama mwenzake. Kisha akampa mwenzake bunduki, akaanza kuchimba, na alichimba vizuri, kama mtu aliyekulia shambani. Grevilea zilizobaki hazikukatwa tena. Sijui kama ilikuwa amri au kusahau.

Mvua kubwa ilikuja wakati wa masika, mchana, baada ya joto la siku kadhaa. Ziwa lililo chini ya mji lilitoweka kwanza, kisha kilima, kisha nyumba ya jirani. Mume wangu alisimama mlangoni na miwani yake ya kioo kimoja, na mimi nilimshika shati kwa nyuma. Watu wa mabandani walikuwa wameshapanda kwetu, kama tulivyokubaliana, na sebule yangu ilijaa watoto waliolowa na kuku wawili. Tulisikia maji. Tulingoja kile kishindo kizito tulichokijua. Kilikuja mara moja, kutoka ng'ambo, na mke wa mchimba dhahabu akasema kwa utulivu, "Ni banda yetu."

Lilikuwa banda lao. Ukuta mmoja ulikuwa umeanguka, na vyombo vyao vikaenda na maji. Lakini tulipotoka asubuhi, mitaro ya juu ilikuwa imejaa matope badala ya kupasuka, matete yalikuwa yamelala chini yote kuelekea bondeni, na mizizi ilikuwa imeshika. Ukingo wetu haukusogea. Mzee wa posta alitembea juu chini kwenye mstari mzima na viatu vyake vizuri, akigusa kila mti. Jumamosi ile tulijenga banda jipya, mbali na ukingo, kwenye kipande cha kiwanja chake.

Vita vilipoanza kupungua, mashirika ya misaada yakaja mjini kwa wingi. Watu wa shirika moja walipiga picha korongo letu, wakatuita wanaharakati, neno ambalo sikuwa nimelisikia likisemwa juu yangu, na wakasimika kibao chenye jina lao. Muuguzi aliwashukuru sana. Walipoondoka, alikilaza kibao hicho juu ya mawe, akaanika mihogo juu yake.

Familia ya mchimba dhahabu ilirudi Luhwindja. Walipakia vitu vyao kwenye lori, na mke wake alinishika mikono yote miwili. Tulikaa muda mrefu bila habari. Kisha siku moja mfanyabiashara aliyetoka huko alimletea muuguzi ujumbe wa mdomo wa mke wa mchimba dhahabu: mto wa kijijini umekuwa matope matupu kwa sababu ya uchimbaji, wanawake wanatembea mbali kutafuta maji, na wanaume hawataki kusikia. Yule mama amesema, kama muuguzi ana nafasi, huku pia kuna kazi.

"Utaenda?" nikamwuliza. Alikuwa amestaafu, na magoti yalikuwa yakimsumbua.

"Kwani niko na kazi gani hapa?" akajibu. "Ravini yenu imenyamaza."

Akaenda na lori, ameketi mbele na dereva, akimwelekeza namna ya kuendesha. Alikaa huko mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Aliporudi alikuwa amekonda, nguo yake ina matope mpaka kifuani, na alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu tujuane. Nilimtilia maji ya moto ya kuoga, nikampikia. Alisinzia kwenye kiti kabla chakula hakijaiva, akiwa bado ananisimulia jinsi wanaume wa kule walivyobisha kabla ya kushika majembe.